Isale kwenye Ukuta wa Ghala

Jioni hiyo ya Septemba 2004 nilikwenda Majengo kuazima waya wa umeme wa mita ishirini. Niliporudi ghalani, saa moja kasoro dakika tano, mwenzangu wa chuo, Godwin, alikuwa ameshapanga projekta na spika mbili.

"Waya wa kuazima, jenereta la kuazima," alisema. "Wewe msomi, chako ni kipi?"

"Bibi yangu."

Bibi alikuwa benchi la mbele, amejifunika kitenge mabegani. Kazi yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa picha na sauti, dakika kumi na moja, zimulikwe kwenye ukuta wa nje wa ghala la kahawa lililofungwa tangu 1995. Bibi alichambua kahawa humo ujanani. Nilimrekodi kwake Old Moshi akichambua tena na wenzake wawili. Wanawake watatu, nyungo tatu.

Godwin akawasha. Mikono ya Bibi ikajaa ukutani hadi chini ya paa. Punje zikaanza kuchakacha... chaka... chaka...

Ikaja harufu. Kahawa mbichi, na vumbi la magunia.

Godwin alikunja uso, akazima spika zote mbili.

Chaka... chaka...

Sauti ilitoka ndani ya ghala.

Picha ilipofika kwa wachambuzi wote, niliwahesabu wanawake ukutani. Nikahesabu tena.

Wanne.

Wa nne hakuwa na ungo. Alinyoosha mkono wenye jani la isale, lile ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea kuomba radhi. Halikataliwi.

"Eliaichi," Bibi alinong'ona.

Nilipiga magoti kando yake. "Ni nani huyo, Bibi?"

"Alinisingizia wizi, nikafukuzwa humo. Baadaye akaniletea isale. Nikamfungia mlango... Hakuimaliza masika ile."

Akainuka. Akaanza kuufuata ukuta, mkono mbele.

"Bibi, usipokee kitu cha marehemu! Atakuchukua!"

"Niache, mjukuu wangu. Nimechelewa miaka thelathini."

Vidole vyake vilibakiza shubiri moja kulifikia jani.

Nikaung'oa waya.

Giza.

Ndani ya ghala ungo ulianguka. Ukazunguka, ukazunguka... ukatulia.

Bibi hakunigombeza. Kesho yake aliomba turudie, tukarudia mara mbili. Wanawake watatu tu. Nikampandisha nyumbani, nikakaa naye jikoni.

"Nitaonyesha tena kesho, Bibi. Na keshokutwa. Lazima atatokea, umpokelee."

"Usihangaike. Hayuko tena ukutani."

"Umejuaje?"

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona machoni pake.

"Safari hii si mimi niliyekataa."

Kisha akavuta kigoda kitupu, akakiweka mkabala na changu, akamimina chai kikombe cha tatu.

Kigoda kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu anapokaa.