Tembo wa Ayutthaya

Amri ilimfikia Kapteni Siriphan nusu ya kamba wa mtoni ikiwa bado mdomoni.

"Tembo yuko mezani kwenu," ilisema sauti ya Kanali Damrong katika kifaa kidogo cha mawasiliano kilichofichwa sikioni mwake. "Anavuka mto saa tisa. Usimkamate mtu mpaka umwone."

Siriphan alimeza.

Mezani walikuwa watu watatu. Mmoja alikuwa yeye.

Tembo huyo, wa dhahabu tupu, hakuzidi urefu wa kidole. Alikuwa ametoweka katika ghala la makumbusho siku nne zilizopita, na akishaingia katika boti ya mnunuzi wa kigeni, nchi isingemwona tena. Mbebaji alikuwa ama Orathai, ama Thanakrit: marafiki aliosoma nao chuo, waliomwalika kutalii wikendi katika mji wa kale wa Ayutthaya, na waliomjua kuwa karani wa bima.

"Jiab, mbona umenuna?" Orathai alimuuliza, akimwita kwa jina la utani. "Kamba kakutukana?"

"Anamkumbuka mchumba wa mwaka jana," akasema Thanakrit, ambaye wao walimwita Tum. "Macho ni yaleyale."

Tangu asubuhi Orathai hakuutua mkoba wake, hata alipopiga magoti hekaluni. Thanakrit alining'iniza shingoni kamera ya Nikon yenye lenzi ndefu kama mtutu.

Mwenye shaka haoni marafiki. Huona mizigo.

Saa saba na nusu alimfuata Orathai msalani, akamgonga kwa makusudi. Mkoba ukamwagika: kanga moja, raba, na dawa ya bawasiri.

"Ukimwambia Tum, shoga, nakuua."

Siriphan aliapa kunyamaza. Hata hivyo, bawasiri si ushahidi wa uaminifu.

Saa nane walisimama kwenye vibanda vya roti sai mai, chapati nyembamba zinazofungia nyuzi za sukari. Orathai alinunua pakiti tisa: za mama, za bosi, za wenzake, hata ya mlinzi wa getini. Siriphan alinunua nne.

Thanakrit hakununua kitu.

"We Tum, kesho ofisini watakutafuna wewe!" Orathai alimtania.

"Wamenenepa vya kutosha."

"Na mama je?"

"Kaacha sukari, dada."

Siriphan alihesabu chenji yake polepole. Thanakrit alikuwa na miaka kumi na mmoja katika ofisi ileile. Katika nchi yao, msafiri anayerudi mikono mitupu huandamwa kwa jambo hilo mpaka siku ya kustaafu. Mtu huipuuza desturi kama hiyo kwa sababu moja tu.

Kesho hatakuwapo.

"Mpiga picha," alimnong'oneza Kanali, akijifanya kukohoa. "Zibeni mto."

"Una hakika?"

"Hapana. Zibeni."

Saa tisa kasoro dakika sita Thanakrit aliaga: anakwenda kupiga picha za mto. Siriphan alimwacha atangulie hatua hamsini.

Gatini boti nyembamba ilikuwa ikinguruma. Ndani yake mwanamume mwenye kofia ya ukili alinyoosha mkono. Thanakrit aliifungua lenzi. Ndani hamkuwa na kioo. Mlikuwa na kitambaa cha manjano, na pembeni pake, mkonga wa dhahabu.

"Tum."

Aligeuka. Bastola ya Glock ilikuwa ikimtazama.

"Miaka kumi na mitano ya urafiki, Jiab. Utanipiga risasi?"

"Gotini. La kushoto."

Aliinua lenzi juu ya maji. "Naitupa!"

"Kina hapo ni cha magoti. Itupe, kisha uingie uiokote."

Boti iliondoka kwa kishindo. Haikufika mbali: boti mbili za polisi ziliibana katikati ya mto. Thanakrit alizitazama, kisha akaiweka lenzi chini kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto.

"Tembo mkononi," Siriphan aliripoti.

"Na rafiki yako?"

"Naye."

Orathai alikuwa akisubiri kando ya gari, akijipepea kwa ramani.

"Tum yuko wapi?"

"Amepata usafiri mwingine."

Siriphan aliketi kwenye usukani, akafunga mkanda, akaliachia lori la polisi lipite kwanza.