Mtu wa Thelathini na Mbili

Ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, ripoti ya boti ilipoingia kwenye kompyuta ya Joëlle ikiwa, baada ya idadi, na maneno ambayo fomu haina nafasi yake: WATU 32. WOTE WAMEKAA.

Joëlle, aliyehitimu informatique, masomo ya kompyuta, mwaka uliopita, alipokea ripoti za boti katika kampuni ndogo kando ya bandari ya Kisangani: jina la boti, mahali ilipo, mizigo, watu. Asubuhi ile nahodha Rachidi, mzee kutoka Maniema, alimpigia simu akiwa Isangi, njiani kurudi Kisangani. Mizigo aliitaja yote. Watu alikataa kuwahesabu.

"Ma fille, binti yangu, kwa mto hatuhesabie batu mpaka bakanyage udongo. Ukibahesabu, kuna mwenye kusikia."

"Papa, bila nambari mashine inakataa."

"Bon, hiyo ni shida ya mashine."

Nyuma ya nahodha Nephtali, mdogo wake Joëlle na fundi wa injini wa boti hiyo, alicheka, akimwita yaya, dada mkubwa, kama kawaida. "Yaya Jo! Andika mimi mara mbili, nakula ya batu babili!"

Joëlle alikisia: thelathini na wawili. Akatuma.

Sasa ofisi ilinuka tope la chini ya mto na samaki aliyeoza, na kutoka dari kavu matone yalisikika yakidondoka. Akampigia nahodha.

"Papa, mumetuma ripoti?"

"Nani atume? Tablette iko ndani ya sanduku, nimefunga na kufuli." Sauti ya mzee ikashuka. "Joëlle, kuna mutu nyuma, kwa mifuko ya makala ya kupikia. Hatukusimama fasi yoyote, lakini iko pale. Nguo yake inatoka maji, haikauke. Uliandika batu ngapi?"

"Thelathini na mbili."

Alisikia mzee akihesabu kwa mnong'ono.

"Tuko thelathini na moja. Ni jini, na ni wewe ulimupatia nafasi."

"Napunguza sasa hivi."

"Hapana! Ngoja kwanza nimuombe atoke, ndio..."

Lakini vidole vya Joëlle vilikuwa vimekwisha kufuta mbili na kuandika moja, kwa sababu hakuweza kuvumilia kosa lake likae mbele ya macho yake hata dakika moja, na alipotuma alisikia ndani ya simu kishindo cha kitu kizito kikiingia majini, kisha mayowe ya wanawake, kisha injini ikizimika, kisha kimya kirefu ambamo mdondoko wa darini ulikuwa ukisikika pia upande wa pili, kwenye boti, kwa mwendo uleule.

"Papa! Nani ameanguka?"

"Sijue. Yule wa nyuma haiko tena. Tuko thelathini na moja."

"Nephtali?"

"Iko hapa, karibu ya injini. Amelowa mwili muzima. Anataka kuongea na wewe."

"Mademoiselle," ilisema sauti ya Nephtali, ambaye tangu aanze kusema hakuwahi kumwita ila yaya. "Asante kwa nafasi. Ukisema mimi siye, nitaiacha nafasi hii. Nitakaa nafasi ya mama."

Kesho yake asubuhi boti ilifunga kamba bandarini. Rachidi alishusha abiria bila kumtazama Joëlle usoni. Kwenye geti alisimama Mama Gertrude, mama yao, na sufuria ya pondu, majani ya muhogo, aliyompikia mwanawe. Akamkumbatia, kisha akashtuka.

"Nephtali, mbona uko baridi hivi?"

Macho yasiyopepesa yalimtazama Joëlle juu ya bega la mama.

"Mvua ilimunyeshea, mama," alisema Joëlle, na akawaitia pikipiki ya kuwapeleka nyumbani Kabondo.