Damu Aliyotoa Loth

"Mtoto ni wa nani?"

Kofi lilimpata Epifania kabla hajafungua mdomo. Akaangukia ulezi ulioanikwa uani, midomo ikimchuruzika damu. Mumewe, Valerian, akamkanyaga mkono.

"Nimekuuliza. Kristiana ni wa nani?"

"Ni wako, Baba Kristiana. Nani amekulisha maneno?"

"Hospitali walisema wenyewe. Mimi A, wewe B, mtoto O. Aliyemtolea damu ni Loth, na Loth ni O. Unaniona mjinga?"

Kristiana, binti yao wa miaka minne, alikuwa ametoka kulazwa mjini Sumbawanga. Malaria ilimmaliza damu. Wazazi walipopimwa, wakaambiwa, "Nyinyi hamwezi kumpa. Yeye anapokea O tu." Loth, rafiki wa Valerian tangu utotoni, dereva wa lori la Fuso la kubeba dagaa kutoka Kirando, akakunja mkono wa shati akatoa. Mtoto akapona, na Valerian akamkumbatia Loth mbele ya watu huku analia.

Kisha akaenda kilabuni kunywa pombe, akasimulia. Mlevi mmoja akamwambia, "A na B wanazaa AB. Hiyo O imetoka wapi, mshikaji? Mwangalie vizuri aliyetoa damu."

Watu walicheka. Valerian alirudi nyumbani Mollo akapekua simu ya mkewe, akakuta ujumbe wa Loth: "Shemeji, Vale asijue kwanza. Nitamwambia mwenyewe."

Sasa alimwinua mkewe kwa nywele.

"Nisijue nini?"

"Si langu kulisema. Muulize Loth."

"Nitamuuliza."

Akamsukuma ukutani. Mkono uliokanyagwa ukalia kwa ndani, ko, na Epifania akateleza chini. Valerian akaingia ndani, akachomoa panga darini, akatoka.

Epifania alitambaa mpaka pale Valerian alipoidondosha simu yake, akapiga kwa mkono wa kushoto.

"Loth, kimbia. Vale anakuja kwako na panga. Anasema Kristiana ni mwanao."

"Mwanangu mimi?" Loth alisema. "Acha aje, shemeji. Huyu ni ndugu yangu. Tutaongea."

Valerian alimkuta Loth anaosha Fuso mbele ya nyumba yake. Loth aliweka ndoo chini, akamfuata mikono ikiwa wazi.

"Vale, nisikilize..."

Panga la kwanza lilishuka begani. La pili alilikinga kwa mkono wa kulia, vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwenye ngozi.

"Mnanificha nini na mke wangu?"

"Edith," Loth alisema, amepiga magoti kwenye matope mekundu. "Dada yako. Nataka kumposa. Nilimwomba shemeji anitangulizie neno kwake."

"Unadanganya."

La tatu likampiga kichwani. Majirani wakamwangukia Valerian kwa magongo mpaka panga likamtoka. Polisi walimchukua uso umevimba, jicho moja limeziba.

Alasiri ya siku hiyo, Epifania alikuwa hospitali, mkono umefungwa plasta. Edith alikuwa koridoni, khanga yake imelowa damu ya Loth, kwani alimpakata mapajani njia nzima.

Daktari Adija alitoka chumba cha upasuaji.

"Anahitaji O, na benki ya damu haina."

"Nipime mimi, Dokta," Edith akasema.

Majibu yakatoka. Edith ni O. Akalazwa kitandani, mfuko ukaanza kujaa. Epifania aliutazama mfuko ule, kisha akamgeukia daktari.

"Dokta, huyu na mume wangu ni baba mmoja, mama mmoja. Mume wangu ni A. Yeye imekuwaje O?"

"Kawaida tu. Kila mtu ana sehemu mbili za kundi la damu, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye A anaweza kuwa na A na O pamoja. A inaonekana kwenye kipimo, O inajificha."

"Na mwenye B?"

"Vilevile. Baba akitoa O yake iliyojificha, mama akatoa yake, mtoto anazaliwa O."

"Kwa hiyo Kristiana..."

"A na B wanaweza kuzaa O. Wanazaliwa wengi tu."

Edith alifunika macho kwa mkono uliokuwa huru.

"Wifi, kumbe kaka alikuwa anamkata Loth kwa kitu kilichomo ndani ya ukoo wetu?"

Epifania alimkazia macho daktari.

"Mbona siku ile hamkutueleza, Dokta?"

"Mtoto alikuwa anakufa, mama. Tulikimbilia damu. Hakuna aliyeuliza."

Loth aliishi. Vidole havikurudi, na usukani ukamshinda. Edith alipewa nafasi ya kughairi na watu wengi, kuanzia mama yake. Aliwajibu wote kwamba hakupenda vidole. Walifunga ndoa kanisani, bwana harusi akimvisha pete kwa mkono wa kushoto. Kaka wa bibi harusi alikuwa gerezani, anatumikia kifungo.

Baada ya harusi Epifania alikwenda kumwona. Valerian alikuwa amekonda.

"Edith alikuja akanieleza yote," alisema. "Nilikosea, Mama Kristiana. Mtoto ni wangu. Nisamehe, nikitoka tuanze upya."

"Unajua ni wako kwa sababu daktari amesema."

"Nilidanganywa."

"Mimi nilikwambia nikiwa chini, mguu wako uko juu ya mkono wangu. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nikuulize kitu kimoja, Vale." Hakuwahi kumwita hivyo tangu waoane. "Kama daktari angesema haiwezekani, ningestahili kuvunjwa mkono? Loth angestahili panga?"

Valerian akainamisha kichwa mpaka paji likagusa waya uliowatenganisha.

Epifania alingoja jibu. Askari akasema muda umekwisha, na yeye bado alingoja kidogo.

"Kristiana nitamleta akuone, wewe ni baba yake," alisema akiinuka. "Mimi nahamia Wampembe kwa mama. Usinitafute."

Nje, Loth na Edith walikuwa wamekaa kwenye benchi na mtoto. Epifania akambeba mwanawe kwa ule mkono uliopona umepinda, wakaenda stendi.