Nta ya Boti Kwenye Kioo cha Gari

Kwetu Lauvvika, pwani ya Norwe, mvua haibishi hodi. Inaingia ikitaka, inatoka ikitaka, na anayengoja ikatike ndipo aanze kazi atazeekea dirishani. Ndiyo maana kila Jumamosi ya mwezi wa Mei Jorid, msichana wa miaka kumi na miwili, alivaa buti zake za mpira na koti la mvua, akateremka hadi banda la boti la Babu Sjur, ukingoni mwa maji. Kazi yao ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Waliikwangua boti, wakaisugua, kisha wakaipaka nta kabla haijarudishwa majini.

"Zungusha mkono, mjukuu wangu, zungusha!" Babu alisema. "Unaipapasa kama paka. Boti ikishiba nta, maji hayaipati ng'o."

Jorid alizungusha mkono mpaka bega likauma. Kisha akaimwagia ndoo ya maji. Matone yalijikusanya kama shanga, yakateleza mpaka chini, na ubao ukabaki mkavu. Jambo hilo lilimpendeza sana.

Zilikuwa zimebaki siku tisa tu kufika tarehe kumi na saba Mei, Sikukuu ya Katiba, siku ambayo kwetu hata mbwa hufungwa utepe shingoni. Siku hiyo maandamano ya watoto hupita barabara kuu, bendera mbele na bendi ya shule nyuma, na katikati yao gari moja lililobeba mzee wa heshima. Mwaka huo gari lilikuwa la Babu Sjur, lile la bluu ambalo lina umri mkubwa kuliko mama yake Jorid. Ndani yake angekaa Bibi Gudny, mwenye miaka tisini na minane, aliyekuwa mkunga wa bonde letu lote. Mtoto wa kwanza kabisa kumpokea kwa mikono yake alikuwa huyo huyo Sjur.

"Yeye ndiye aliyenileta duniani," Babu alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza, na hata wale wasiosimama. "Nami nitampitisha mbele ya kijiji kizima kabla hatujaagana."

Babu alipokwenda ndani kunywa kahawa, Jorid alilitazama kopo la nta. Ilikuwa imebaki nusu. Akalitazama gari la bluu. Nikuulize, msomaji, wewe ungefanya nini? Jorid alipaka boneti, milango na paa. Kisha akawaza kwamba ikiwa maji yanaikimbia boti, yatakikimbia na kioo pia. Akakipaka kioo cha mbele mara mbili, akafuta mpaka akajiona uso wake. Hakumuuliza mtu, kwa sababu alitaka iwe zawadi ya ghafla.

"Ala!" Babu alisema aliporudi. "Nani kaniibia gari langu akaniachia jipya?"

Akamkumbatia, na siku mbili zilizofuata hakuwa na hadithi nyingine. Alisimulia kanisani, akasimulia gatini, akamsimulia hata mpeleka barua, ambaye alikuwa na haraka zake.

Jumatatu kulikuwa na mazoezi ya maandamano, na mvua ilikuja pia. Babu aliwasha waipa za kufuta kioo. Kriiii, ngwa! Kriiii, ngwa! Zililia hivyo kutoka shuleni hadi dukani. Ilikuwa sauti ya kukwaruza inayomfanya mtu akunje uso. Jorid alikuwa kwenye bendi, nyuma tu ya gari, tarumbeta mkononi. Kando yake alikuwa Aslak, mpiga ngoma, ambaye ulimi wake haujawahi kulala.

"Jorid, leo usijisumbue kupiga," Aslak alisema. "Gari la babu yako limeshakupigia."

"Funga mdomo wako, Aslak!"

"Nifunge wangu? Kaufunge ule wa gari kwanza!"

Watoto wote wakacheka. Mwalimu Hallvard, mkuu wa bendi na msimamizi wa maandamano, hakucheka. Alikwenda dirishani kwa Babu.

"Mzee Sjur, unajua tukifika kwenye jiwe la kumbukumbu ya mabaharia waliozama, ngoma hunyamaza. Tunapita tukisikia nyayo zetu tu. Kwa kelele hizi haiwezekani. Na ukizima waipa, huoni njia, na mbele yako kuna watoto."

"Nitazitengeneza," Babu alisema.

"Mpaka Ijumaa basi. Ikishindikana, Bibi Gudny atapanda basi dogo la nyumba ya wazee."

Mzee aliyesubiri siku hiyo mwaka mzima kuambiwa habari ya basi dogo! Jumanne alinunua mipira mipya ya waipa kwenye duka la vipuri la Bi Borghild, karibu na gati. Akaivalisha. Kriiii, ngwa!

Jumatano asubuhi, akienda shule, Jorid alipita kando ya gari. Mvua ilikuwa nyembamba. Aliona matone yamekaa juu ya kioo kama shanga, yakitetemeka, kisha yakateleza. Akasimama. Aliyajua matone yale. Yalikuwa matone ya boti.

"Mama yangu wee," alinong'ona. "Ni mimi."

Alitaka kumwambia Babu jioni, lakini Babu alipomchukua shuleni alikuwa amekasirika, uso mwekundu. Wakaenda moja kwa moja dukani. Kulikuwa na watu watatu wakingoja.

"Borghild!" Babu alibwata kutoka mlangoni. "Umeniuzia mipira mibovu!"

"Mibovu?" Bi Borghild aliweka chini bisibisi. "Sjur, nimesimama nyuma ya meza hii miaka ishirini na sita. Lini nimekuuzia kitu kibovu?"

"Jana!"

Wateja walitazama viatu vyao. Bi Borghild alitoa mipira mingine kwenye boksi jipya, akaisukuma mbele bila kumtazama Babu usoni. Jorid aliona. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini hakusema.

Babu aliivalisha mipira pale pale nje ya duka, wakaondoka. Kriiii, ngwa! Kriiii, ngwa! Walipofika kwenye kona ya kanisa, Babu alipunguza mwendo.

"Basi," alisema. "Kesho nitamwambia Hallvard alete hilo basi lake. Gari limechoka, nami nimechoka."

Jorid alikuwa hajawahi kumsikia Babu akisema kwa sauti ndogo namna ile. Ilimchoma kuliko kicheko cha Aslak.

"Babu, simamisha gari."

"Unataka kutapika?"

"Hapana. Ni mimi. Nilipaka kioo nta ya boti. Mipira haina kosa."

Babu alisimama kando ya barabara, akazima injini. Mvua ilipiga juu ya paa.

"Umejua lini?"

"Asubuhi. Kabla hatujaenda dukani."

"Ukaniacha nimtukane Borghild mbele za watu, nawe unajua?"

"Ulikuwa unanisifu kwa kila mtu, Babu! Nilisema moyoni, nikikwambia, hutanisifu tena." Na hapo machozi yakamshinda.

Babu alivua miwani, akaifuta polepole kwa shati.

"Sikiliza. Nta ni kosa la mikono. Hilo halinikasirishi hata kidogo, kwani mkono unaofanya kazi hukosea. Lakini kule kunyamaza kumemuumiza mtu asiye na hatia. Sasa tunarudi."

"Sote wawili?"

"Sote wawili. Wewe ulinyamaza, mimi nilibwata. Kila mtu abebe mzigo wake."

Wateja wawili kati ya wale watatu walikuwa bado pale, na Jorid alitamani wangekuwa wameondoka. Babu alivua kofia. Jorid alivuta pumzi, akaenda hadi mezani.

"Bi Borghild, mipira yako ni mizuri. Mimi ndiye niliyeharibu kioo. Nilikipaka nta ya boti. Na uliposemwa hapa nilikuwa najua, nikanyamaza. Nisamehe."

"Nami nisamehe, Borghild," Babu alisema. "Nilikutukana bila kuchunguza."

Bi Borghild aliwatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Midomo yake ilianza kucheza, kisha akaangua kicheko.

"Nta ya boti! Sjur, ulitaka uende na gari kuvua samaki?"

Duka zima lilicheka, na Babu mwenyewe pia. Bi Borghild alipomaliza kujifuta macho, alimshika Jorid bega.

"Umerudi kwa miguu yako, mwanangu. Kuna watu wazima kijijini hapa ambao wangenikwepa mwaka mzima kuliko kusema maneno hayo." Akashusha chupa kutoka rafuni. "Haya, shika. Spiriti, kitambaa safi, na mkono usiochoka. Anza na kioo, kisha makali ya mipira. Ukimaliza, mwagia maji. Yakisimama kama shanga, nta bado ipo. Yakitandaa kama shuka, umeishinda."

Alhamisi baada ya shule Jorid alianza. Alisugua kioo chote, akakimwagia maji. Yalikuwa shanga. Akasugua mara ya pili. Shanga tena. Babu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kahawa mkononi.

"Nikusaidie?"

"Hapana, Babu. Nta ni yangu."

Mara ya nne maji yalitandaa kama shuka. Jorid alipiga kelele za furaha mpaka ndege wakaruka kutoka paa la banda. Kisha akafuta mipira kwa spiriti, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka kitambaa kikatoka safi. Babu akawasha waipa. Ile kriiii haikusikika tena. Lakini ngwa ilikuwa bado ipo. Ngwa! Ngwa!

"Aa, hiyo ni uzee wa gari," Babu alisema haraka haraka. "Iache."

Jorid hakuiacha. Aliinama mpaka shavu likakaribia boneti, akatazama. Waipa ya kushoto ikienda huku, mpira wake ulilala upande mmoja. Ikirudi, uligeuka ukalala upande wa pili, kama brashi ya mpaka rangi. Wa kulia haukugeuka. Ulikuwa umelala upande mmoja tu, na katika kurudi uliruka-ruka na kugonga kioo.

"Babu, mkono wa hii umepinda. Unausukuma mpira upande."

Babu alikohoa. Alitazama kahawa yake.

"Mwezi wa pili," alisema hatimaye. "Nilikuwa naziinua waipa zisigande na barafu, upepo ukanipokonya ule mkono, ukajipiga kwenye kioo. Nilijua umepinda. Nikasingizia uzee."

"Babu!"

"Ndiyo, ndiyo. Usinitazame hivyo. Nami nimekiri."

Wakacheka wote wawili mpaka kahawa ikamwagika. Jorid alizungushia koleo kitambaa ili lisikwaruze, akaushika mkono wa waipa, akaukunja kidogo sana. Akajaribu. Bado. Akakunja kidogo tena, akajaribu. Babu aliweka mikono yake mifukoni kwa makusudi. Mara ya tano mpira ulisimama wima, ukaenda ukilala upande mmoja, ukarudi ukilala upande wa pili. Waipa zilipita huku na huku, na kilichosikika ni maji tu.

"Fundi," Babu alisema. Neno hilo moja tu, lakini Jorid alilibeba mpaka nyumbani.

Ijumaa Mwalimu Hallvard alisimama mbele ya gari, sikio limetegwa, ndoo tatu za maji zikimwagwa kwenye kioo. Akatikisa kichwa kwa mshangao, akafuta habari ya basi dogo.

Tarehe kumi na saba Mei mvua ilinyesha, bila shaka. Tulivaa mavazi yetu ya jadi na makoti ya mvua juu yake, tukatoka wote. Bibi Gudny alikaa mbele kwenye gari la bluu, bendera ndogo mkononi, akipunga kwa watu ambao zaidi ya nusu yao aliwapokea yeye. Nyuma ya gari Jorid alipiga tarumbeta kwa nguvu zake zote. Tulipokaribia jiwe la mabaharia, Mwalimu Hallvard aliinua mkono. Ngoma zikanyamaza. Tarumbeta zikashuka. Jorid alitega masikio, moyo ukimdunda. Nyayo. Mvua. Nyayo. Waipa zilikwenda na kurudi mbele yake, na hakuna aliyezisikia.

Aslak alimgusa kiwiko. "Nimekubali," alinong'ona. Kwa Aslak, hiyo ni hotuba nzima.

Maandamano yalipoishia uwanjani pa shule, watu walilizunguka gari. "Mzee Sjur," Mwalimu Hallvard aliuliza, "nani alikutengenezea waipa?"

Babu alimvuta Jorid mbele ya watu wote.

"Huyu hapa. Na ndiye huyu huyu aliyeziharibu. Yote mawili kaniambia mwenyewe, kwa mdomo wake." Akalipigapiga boneti. "Juzi nilijisifu kwa kuwa amenipakia nta. Leo najisifu zaidi. Gari la kung'aa mtu yeyote anaweza kuwa nalo. Mjukuu anayerudi kusema 'ni mimi' ndiye wa kujivunia."

Watu walipiga makofi. Bi Borghild, aliyesimama pale mbele, ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Jorid hakujua aangalie wapi, kwa hiyo aliangalia kioo, na kupitia kioo kile safi akamwona Bibi Gudny anamwita kwa kidole.

"Nimezalisha wanawake miaka arobaini, mwanangu," Bibi Gudny alisema kupitia mlango uliofunguliwa, "na siku zote niliwaambia neno moja. Mficha uchi hazai. Hakuna kitu kinachotengenezeka kikiwa kimefichwa." Alimshika mkono, akauminya. "Wewe umejifunza hilo ukiwa mdogo. Babu yako, kaniambia njiani, kajifunza juzi."

Kisha akamgeukia Babu.

"Na wewe, Sjur, funga mlango. Nalowa."

Babu alifunga mlango upesi, kama mtoto mtiifu.