Ndama Ambaye Hakuna Aliyemtaja

Usigeuze uso, wewe unayesoma. Ulijua. Wewe wa soko la Sake uliyemuuzia Francine nyanya ukimuuliza harusi iko lini, halafu akishageuka unampiga jirani kiwiko. Wewe wa moto, wa pikipiki, uliyembeba kutoka Masisi ukipiga mluzi njia nzima. Wewe uliyekaa naye benchi moja kanisani. Mulijua wote kwa nini tarehe ya harusi ilikuwa inasogezwa, na wote mukatazama viatu vyenu. Mimi sisahau. Katika vilima hivi nimeona mengi yakianza hivyo: mtu wa shamba amekosea kitu, mtu wa ng'ombe amechukia, katikati yao watu mia wanajua, na hakuna anayefungua kinywa mpaka jambo limeoza. Basi kaa hapo, usikie ulichokataa kuona.

Asubuhi ya siku ya pili ya vakanse, likizo yao, Francine alikuwa amepiga magoti juu ya mbao, akipuliza babula, lile jiko la makaa, ambayo makala yake yalilowa tangu jana. Moshi ulimwingia machoni. Maji yalimwingia magotini.

Hii njo ile nyumba ya maji ambayo Ladislas alimsifia miezi miwili. Aliona picha kwenye telefone, wazungu wamelala juu ya boti yenye madirisha na maua, akasema na sisi tutaenda hivyo, kwa maziwa ya Mokoto, siku tatu, mimi na weye tu. Walipofika Ndalaga, ziwa moja kati ya hayo, wakakuta pirogi mbili, mitumbwi tu, zimefungwa pamoja kwa mbao, juu kibanda cha turubai la bâche, mlango ni pazia la kitenge, na ubavuni mtu ameandika kwa rangi nyekundu HOTELI. Mwenyewe, Papa Manzi, alikaa nyuma na kasia lake, hatua tatu kutoka godoro lao. Kila mara alipokohoa, godoro lilitikisika.

Francine hakulalamika. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, alizoea paa linalovuja. Alikuja kwa kitu kimoja. Papa yake, Damascène, mkulima wa Kalembe, alipokea ng'ombe ya mahari miaka miwili iliyopita, na tangu hapo harusi imepangwa mara tatu na kuahirishwa mara tatu. Mara barabara. Mara mvua. Mara kaka wa Ladislas ana homa, na huyo kaka Francine alimkuta siku hiyo hiyo sokoni akinunua soksi. Kabla ya kupanda pirogi alimwambia mchumba wake waziwazi: atarudi na tarehe, ao hatarudi naye.

Na Ladislas alifanya nini? Aliokota kuni.

Kila walipokaribia ile rasi yenye kilima, mahali pekee ambapo rezo ya simu inashika, alimwomba Manzi asimamishe pirogi, akapanda mlima mbio, akarudi baada ya nusu saa na vijiti viwili. Jana mara tatu. Leo alikuwa ameshaenda mara moja, na chai haijaiva.

— Ladislas, Francine alisema bila kuinua kichwa, hizi kuni gani muntu anaziokotaga na telefone kwa sikio?

— Ni mambo ya kazi. Foromaje, jibini ya ng'ombe zetu. Niko na watu wanangojea foromaje Sake.

— Foromaje inakuita mara nne?

Nyuma ya pazia Papa Manzi alikohoa, godoro likatikisika.

Ladislas alitabasamu lile tabasamu lake la kufunga midomo. Alikuwa mtoto wa watu wa ng'ombe, wa malisho ya juu ya Masisi, kijana mpole, mikono safi, asiyeweza kupitisha jibu gumu kooni. Akasema wataongea jioni, wakiwa wametulia. Akavua shati, akaingia majini kuoga. Telefone aliiacha ndani ya kamfuko ka plastiki, imening'inia kwenye nguzo ya kibanda, juu ya kichwa cha Francine.

Upepo ukaisukuma HOTELI polepole hadi karibu na ile rasi. Rezo ikashika. Telefone ikalia mara moja, mbili, tatu.

Francine hakuwa mtu wa kupekua. Lakini plastiki inaonyesha, na maandishi yalikuwa makubwa, kwa sababu Mama Mukagasana, mama ya Ladislas, huandika kila kitu kwa herufi kubwa.

"UMEMUAMBIA?"

"NILIKUAMBIA USIRUDI KAMA HAUJAMUAMBIA."

"KESHO KUTWA NINATUMA WATU KALEMBE WARUDISHE NG'OMBE YETU. ILE NYUMBA ILITUZARAU. HAKUNA NDOA."

Chai ilimwagika juu ya makala. Francine alikaa akitazama moshi wake.

Ladislas alipopanda, maji yakimtiririka, alimkuta amemshikia taulo kwa mkono mmoja na telefone kwa mwingine.

— Kumbe vakanse njo hii, Francine akasema. Umenileta kwa maji ili uniache pahali siwezi kukimbia.

— Nilitaka kwanza ukuwe muzuri. Upumzike.

— Nipumzike halafu uniache?

Francine akamuuliza papa yake aliwadharau kwa kitu gani. Ladislas akatazama ziwa. Akauliza tena. Akatazama taulo. Mara ya tatu aliyejibu alikuwa Papa Manzi, kutoka nyuma ya kitenge, kwa sauti ya mtu aliyechoka kujizuia.

— Ni ile ndama, mama. Hata sisi wa huku kwa maziwa tulisikia.

Francine alivuta pazia.

— Ndama gani?

Njo hapo alipoelezwa, kwa vipande vipande, na mwenye pirogi na mchumba wake wakipokezana, jambo ambalo wilaya nzima ilikuwa nalo mfukoni. Kwa watu wa ng'ombe, ng'ombe ya mahari ikizaa, ndama jike wa kwanza harudi kwa mtu mwingine yeyote ila kwa bwana na bibi harusi. Yeye njo maziwa ya nyumba yao, ya mtoto wao wa kwanza. Hakuna anayelisema siku ya mahari, kama vile hakuna anayemwambia mgeni afunge mlango mvua ikinyesha. Na Papa Damascène, ng'ombe ilipozaa jike, alimlea miezi sita, akamfunga utepe mweupe shingoni, akampeleka kanisani siku ya kushukuru mavuno.

— Malimbuko, Francine alisema taratibu. Alimutoa malimbuko.

— Alitoa maziwa yetu, Ladislas akasema. Mama alisikia kwa watu. Alilala siku mbili bila kula.

— Na weye? Weye ulisikia kwa nani? Mimi njo nilikutumia picha. Ile ndama na utepe yake, na papa amevaa koti. Ukanijibu nini?

Ladislas akaanza kuvaa shati.

— Nisaidie, Papa Manzi, mimi nimesahau. Muchumba wangu alinijibu nini?

— Mimi sikuona hiyo mesaje, mama.

— Alinijibu "Amina". Mwaka muzima sasa. Ulijua, ukaandika "Amina".

Akamwagiza Manzi aelekeze pirogi rasini na kuifunga. Hakupanda mlima kutafuta kuni. Alisimama juu ya jiwe, akampigia papa yake, akaweka sauti kubwa wote wasikie.

Papa Damascène alikuwa shambani. Jembe lilisikika likianguka. Binti akamweleza yote.

— Mutoto wangu, mzee akasema, kwetu mahindi ya kwanza ni ya Mungu. Maharagwe ya kwanza ni ya Mungu. Nikapewa kitu kikubwa kuliko mahindi, nikafikiri nikikula ya kwanza nitakuwa mwizi. Nani aliniambia kama kwa ng'ombe iko tofauti?

— Hakuna, papa.

— Padri alisoma na jina yao. Nilimuandikia kwa karatasi. Sadaka ya nyumba ya Damascène na nyumba ya Mukagasana. Hawakusikia?

Francine alimgeukia Ladislas. Uso wa kijana ulikuwa umebadilika rangi. Hilo hakulijua. Hata nyinyi wenye midomo mirefu hamkulibeba mpaka Masisi. Dharau mulibeba mbio. Heshima mukaiacha mlangoni mwa kanisa.

— Piga kwa mama yako, Francine akasema.

— Tukifika nyumbani nitamu...

— Hapa. Sasa. Ao nirushe hii telefone mu Ndalaga, uendelee kuokota kuni.

Akapiga. Mama Mukagasana alipokea kabla ya mlio wa pili.

— Umemuambia?

— Mama, mimi niko hapa mwenyewe, Francine akasema. Jambo, mama.

Francine hakuomba msamaha wala hakulia. Alimweleza jinsi watu wa shamba wanavyompa Mungu cha kwanza, na kwamba papa yake hakumpa Mungu kile asichokitaka, alimpa kile alichokipenda kuliko vyote. Akaongeza kwamba padri alisoma majina ya nyumba mbili.

Mama Mukagasana akadakia.

— Walisoma jina yangu?

— Mbele ya kanisa nzima, mama. Mara mbili, sababu watu wa nyuma walisema hawakusikia.

— Na hiyo ndama. Ilikuwa na rangi gani?

— Nyekundu. Na alama nyeupe kwa paji ya uso.

— Kama nyanya yake, mama akasema, na sauti yake ikalegea kidogo, kama kamba inapotoka kwenye kigingi. Nyanya yake alikuwa na alama ile. Sasa iko wapi?

Francine akamwambia ukweli. Parokia ilimuuza, ikanunua manjanja, mabati ya paa. Kanisa lilikuwa linavuja tangu vita ya mwisho.

— Basi ng'ombe yangu iko kwa paa, Mukagasana akasema. Umuambie papa yako, siku nyingine akikosa kujua kitu ya ng'ombe, aulize muntu wa ng'ombe. Na mimi nikikosa kujua kitu ya mahindi, nitamuuliza. Ile ng'ombe iko na mimba?

— Iko nayo, mama. Ya miezi saba.

— Basi watu wangu hawaendi kesho kutwa. Ladislas!

— Karibu, mama, akaitika.

— Weye ulijua kama wao hawajui?

Ladislas alitazama jiwe, akatazama maji, na safari hii hakukuwa na taulo la kutazama.

— Nilijua.

Mama yake alikata simu bila kuaga.

Papa Manzi alijipa kazi ya kufungua kamba ambayo ilikuwa imeshafunguliwa. Ladislas akajaribu kuushika mkono wa Francine, akasema mambo yamekwisha, sasa watapanga tarehe. Francine akautoa mkono.

— Mama yako alikasirika sababu hakujua. Papa yangu alikosea sababu hakujua. Weye njo ulijua. Muntu moja tu, katikati ya nyumba mbili, na neno moja kwa kinywa.

— Niliogopa. Nilimuogopa mama, halafu nikakuogopa weye. Kila mwezi ile kimya ilikuwa inanona.

— Sasa iko na mafuta ya kutosha. Hautarudi na moto pamoja na mimi. Shuka hapa, enda Kalembe kwa muguu, umuambie papa yangu na kinywa yako kama ulijua mwaka muzima ukanyamaza. Ukifika, nitasikia. Usipofika, mama yako atume watu wake, mimi mwenyewe nitawafungulia zizi.

Ladislas akageuka. Akaanza kupanda kilima.

— Viatu, kaka, Papa Manzi akamwita. Umesahau viatu.

Siku ya tatu Francine aliila vakanse yake peke yake. Makala yalikauka. Manzi alivua tilapia mbili, akampikia, akamwonyesha ndege weupe kwenye mafunjo, na safari hii hakukohoa. Jioni walipopita rasini telefone ya Francine ikalia. Papa Damascène, ambaye huandika kama analipa kila herufi:

"Fianse yako iko hapa. Miguu imevimba. Amesema yote. Nimemupa maharagwe."

Alisoma mara mbili. Halafu akaangalia kalenda.

Ng'ombe ilizaa miezi miwili baadaye, jike tena. Harusi ikafungwa katika kanisa lile lile, ndama amefungwa nje kwenye mti. Mama Mukagasana aliingia na kitenge chake cha mikunjo, akasimama katikati ya njia, akainua kichwa. Wote wakangoja. Mvua kubwa ilikuwa inapiga manjanja, na ndani hakuna aliyelowa.

— Inalia muzuri, akasema, akaenda kukaa karibu na Papa Damascène.

Ladislas, alipoulizwa kama anakubali, alijibu kabla padri hajamaliza swali.

Sasa wewe. Umecheka, umefuta macho, unataka kupitisha kidole uende kwa hadithi nyingine. Hapana. Kuna Francine jirani yako leo hii, na kuna ndama unayemjua ambaye yeye hamjui. Kuna mzee wa shamba na mzee wa malisho ambao hawasalimiani, na wewe una lile neno moja mdomoni. Usiandike "Amina" hapa chini. Weka hii hadithi, chukua telefone, umpigie. Kama rezo haishiki, panda mlima. Sasa.