Fomu Arobaini na Mbili

Kabati la mafaili lilikuwa wazi. Fomu arobaini na mbili za uhakiki wa wafanyakazi zilikuwa zimeibwa, na wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja kesho yake. Bila fomu hizo kampuni ingepoteza mkataba wa kukarabati hospitali. Sheria mpya haikuwa na masihara: asiyethibitishwa kuwa na haki ya kufanya kazi nchini haigusi kazi ya serikali, hata awe ameajiriwa miaka ishirini.

Inspekta wa polisi aliinama akachunguza kitasa. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwa Bi Vyeti," mkurugenzi alijibu, akimwonyesha ofisa utumishi kwa kidevu. Mafundi ndio waliompa jina hilo, maana hakuna aliyepita kwake bila karatasi.

Lakini kitu kingine kilimwasha Inspekta. Vyeti halisi vya kuzaliwa na vibali vya kazi, vilivyokusanywa kwa ajili ya ukaguzi, vilikuwa bado kabatini, vimefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Mwizi gani huyu mwenye huruma? Akavuta kiti, akavihesabu mara mbili, taratibu, kama mtu anayetafuna karanga.

"Fomu arobaini na mbili, vyeti na vibali arobaini na kimoja," alisema. "Bi Vyeti, hebu nisomee majina kwenye daftari la mahudhurio."

Kila jina lilipata cheti au kibali chake, isipokuwa moja. La mwisho lilikuwa la Bi Vyeti mwenyewe, na alilisoma kwa sauti ya chini.

"Chako kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Vya wenzako viko hapa, chako kiko nyumbani?"

Bi Vyeti alilifunga daftari.

"Fomu yako ilihakikiwa na nani?"

"Na mimi."

"Sahihi ya mhakiki?"

"Yangu."

Mkurugenzi alishika kichwa. Miaka kumi na moja tangu amwajiri, alikuwa amelala usingizi wa pono.

"Namba ya cheti niliitunga," Bi Vyeti alisema. "Kesho wangeilinganisha na ya masjala. Nimezichoma fomu zote ili yangu isionekane imepotea peke yake. Vyeti vya watu vilinishinda kuvichoma. Najua vinavyosumbua kupatikana."

"Mbona hukuomba kibali?"

"Kwa karatasi ipi? Mama alivuka mpaka nami mgongoni, nina miezi mitatu. Kwingine sikujui. Wiki iliyopita nilimwachisha kazi mzee mmoja mwashi kwa kosa hilihili. Akaniuliza, 'Sasa niende wapi, mwanangu?' Nikamwambia sheria ni msumeno."

Inspekta alimwonea huruma, wala hakuificha. Hata hivyo alitoa fomu ya maelezo ya mtuhumiwa, akaanza kuuliza. Jina. Umri. Kazi.

"Uraia?"

Bi Vyeti, aliyewajazia wenzake nafasi hiyo miaka yote bila kuinua kichwa, alimtazama.

"Afande, andika unachojua wewe. Mimi sijui."