Maji ya Mama Mkwe

Mshale wa joto ulipoanza kupanda, fundi aliuona mara moja, na akanyamaza.

Walikuwa wawili tu ndani ya gari: yeye kwenye usukani na mama mkwe wake kiti cha nyuma, amepakata beseni jipya lililojaa nguo za mtoto mchanga. Mke wa fundi alikuwa amejifungua siku nne nyuma, nyumbani kwa dada yake ng'ambo ya jangwa, na bibi alikuwa na hamu ya kumwona mjukuu wake wa kwanza. Barabara kuu ingewachukua siku nzima. Fundi ndiye aliyesema, "Njia ya mkato naijua, mama. Mchana tutakuwa tumeshafika." Njia yenyewe ilikuwa mistari miwili ya magurudumu juu ya changarawe, haina mti, haina nyumba, na simu zilikuwa zimekosa mtandao tangu asubuhi.

Mshale ukapanda tena. Halafu mvuke ukatoka kwa kishindo chini ya boneti.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Joto la leo tu, mama. Limechemsha kidogo."

Alishuka, akafungua boneti, akainama. Maji ya kijani yalikuwa yakidondoka kutoka chini ya pampu ya maji, tone kwa tone, na changarawe ilikuwa ikiyanywa papo hapo. Pampu ile ilikuwa mpya. Aliifunga mwenyewe jana yake, uani kwa mama mkwe, huku akipiga mluzi, na alipomaliza alijifuta mikono na kusema, "Hii ikivuja, mama, msiniite fundi tena."

Alijua alichokifanya. Alipoitoa pampu ya zamani, gasketi yake ilikuwa imeganda kwenye injini kama ukoko chini ya sufuria. Sehemu ya juu aliikwangua. Ya chini, kule mkono unakopenya kwa shida, aliikwangua nusu, kwa sababu wenzake walikuwa wakimsubiri waende kutazama mpira. Akapaka gundi nyingi ya silikoni juu ya uchafu, akakaza boliti, akajaza maji bila hata kungoja ikauke.

Alisubiri injini ipoe. Mama aliposhuka kujinyoosha upande wa pili, fundi alichukua dumu la maji ya kunywa, la lita kumi, akamimina zaidi ya nusu kwenye rejeta. Wakaenda. Hawakufika mbali, mshale ukapanda tena. Akamimina yaliyobaki. Safari hii mama alimwona amelishika dumu tupu.

"Maji yako wapi?"

"Dumu limevuja, mama. Lina tundu chini."

Yule mama alilichukua dumu, akaligeuza, akapitisha kiganja chini yake. Kisha akakitazama kiganja chake. Akalirudisha dumu ndani ya gari.

Saa sita na nusu gari likazima kabisa. Jua lilikuwa utosini. Bati la gari halikugusika, na upepo uliovuma ulikuwa kama wa mdomo wa tanuri. Kilichobaki cha kunywa ni chupa moja ya lita mbili.

"Nitapanda kile kilima nione kama kuna watu," fundi akasema. Ukweli ni kwamba hakuweza kuendelea kukaa karibu na yule mama.

Alitembea akitazama chini. Kilima kilichoonekana cha karibu kilimchukua karibu saa nzima, na huko juu hakuona kitu ila changarawe nyingine na upeo uliokuwa ukicheza kwa joto. Soli ya kiatu kimoja ikabanduka. Aliporudi alikuwa akichechemea, ulimi umegandamana na kaakaa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kivuli chembamba cha gari, kitambaa usoni, midomo imekauka na kuwa myeupe. Chupa ilikuwa pembeni yake, imejaa. Hata kizibo hakijafunguliwa.

"Mama, hukunywa?"

"Nimekuwekea wewe," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Wewe ndiye uliyekuwa juani."

Fundi alipiga magoti kwenye changarawe. Aibu ilimchoma kuliko kiu. Hakuweza kumtazama.

"Dumu halikuvuja, mama. Maji yako niliyamimina kwenye gari. Na gari linavuja kwa sababu yangu. Pampu niliilipua, sikusafisha. Nilijua tangu mshale ulipopanda."

"Najua. Dumu lilikuwa kavu chini."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa bado unaongea. Nikangoja umalize."

Akafungua kizibo, akanywa mafunda matatu ya taratibu, akampa chupa. Fundi akatikisa kichwa. Hastahili, alisema.

"Nani kazungumzia kustahili? Ukizimia nani ataendesha? Kunywa."

Akanywa. Yale maji yalishuka kama kitu alichokiiba.

"Haya," mama akasema. Huyu alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini, na sauti aliyoitoa sasa ni ile aliyowatolea wanafunzi wake wa ushonaji. "Kwangu mtu akiharibu gauni, halii. Anafumua kwanza. Fumua hiyo pampu."

"Sina gasketi nyingine."

"Gasketi ni kitu gani? Nieleze kama mjinga."

"Ni karatasi ngumu, mama. Inakaa kati ya pampu na injini kuziba maji. Lakini lazima ilingane sawasawa."

"Kukata kitu kilingane, hiyo ni kazi yangu. Anza."

Mama alizitoa nguo za mtoto kwenye beseni, akazifunga ndani ya kanga. Fundi akalisukuma beseni chini ya injini. Alipolegeza pampu, maji ya kijani yaliyosalia yakamwagikia humo, lita nne hivi. Mama aliyatazama kwa macho ya kiu.

"Hayo si ya kunywa, mama. Yana dawa, ni sumu. Lakini gari litayanywa."

Mkanda ukatoka, boliti zikatoka, akazipanga juu ya kitambaa. Spana ilikuwa ya moto na ilimbabua vidole. Pampu ilipoachia, alikiona alichokuwa akikiogopa: kipande cha gasketi ya zamani, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, na juu yake silikoni laini iliyoteleza kama kamasi. Angeweza kukibandua haraka na kukitupa. Badala yake alimwita mama mkwe wake aje akione.

Mama aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Kadogo hivi," akasema. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa wembe wake wa kufumulia nyuzi. "Kwangua mpaka nijione humo."

Fundi alikwangua jua likihama. Akikwangua alisimama kila mara kupitisha kidole, na kila mara kidole kilipokwama alirudia. Hakupiga mluzi. Mama alichana jalada gumu la daftari lake la vipimo vya wateja. Fundi akaupaka uso wa pampu oili chafu, akaugandamiza juu ya jalada, na alama nyeusi ikabaki. Mama akaifuata kwa mkasi mdogo, pole pole, bila kuukosa mstari. Matundu ya boliti aliyatoboa kwa ncha. Wakailoweka gasketi ile kwenye oili, fundi akaipachika, akakaza boliti kidogo kidogo, moja huku, nyingine upande wa pili, mpaka zote zikalingana.

Jua likazama akimalizia mkanda. Walilala ndani ya gari. Alfajiri, kukiwa bado na ubaridi, walikunywa nusu ya yaliyobaki, mafunda ya kuhesabu. Fundi akayarudisha maji ya beseni kwenye rejeta na kusimama na chupa mkononi. Ilibaki kama nusu lita.

"Uamuzi ni wako, mama. Ni maji yako."

Aliitazama chupa, akamtazama yeye. "Mimina."

Fundi alilala chini ya injini ikiwa inanguruma, tochi ya simu mkononi, akingoja tone. Halikuja. Aliongeza dakika nyingine tano, hata hivyo.

Waliendesha madirisha wazi, hita ya ndani ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho ili ipunguze joto la injini, miguu yao ikioka. Kila mshale ulipopita katikati alizima na kusema, "Umepanda, mama," na wakangoja. Mara ya nne walipowasha waliona vumbi mbele yao, na ndani ya vumbi greda la manjano, mahema, na lori la maji.

Mafundi wa barabara waliwapokea mbio. Mama alikalishwa kivulini, akapewa maji kwa kikombe. Dereva wa greda akachungulia boneti. "Kilitokea nini?"

"Nilifunga pampu vibaya," fundi akajibu. Watu watano walimsikia. "Kosa ni langu."

Hapo simu zilishika mtandao. Mama alimpigia binti yake, akamwambia wako hai na mengine atayasikia kwa mumewe. Fundi naye alitoa simu yake, akaishika muda mrefu, kisha akampigia dereva wa gari la wagonjwa la zahanati ya mtaani kwao. Wiki hiyohiyo alikuwa amelibadilishia pampu lile gari, na alikuwa na haraka ileile.

"Lisitoke hapo lilipo," akasema. "Sikulifanya vizuri. Nikirudi nalifungua upya."

Sauti ya upande wa pili ilipaa mpaka dereva wa greda akageuka. Fundi alitukanwa, akaulizwa ufundi wake aliusomea wapi, akaambiwa mgonjwa angefia njiani. Hakujitetea. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Lisitoke." Alipokata simu machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe.

"Umemaliza?"

"Kuna mteja mwingine mmoja, mama."

"Basi mpigie."